Kikohozi cha Hodi

Ti. Ti. Ti-ti.

Subilaga alifumbua macho gizani akasikiliza. Nje mvua ilikuwa imepumzika, na majogoo walikuwa hawajaamua bado kama kumekucha. Sauti ilitoka ng'ambo ya ukuta wa mbao, upande wa baba mkwe wake. Ulikuwa mchi mdogo ukigonga kinu kidogo, kile cha kutwangia tangawizi. Uligonga taratibu, kwa kuiba, kama mtu anayemenya karanga kanisani.

Anatwanga nini saa hizi? Chai ya asubuhi hupika yeye Subilaga, na tangawizi hutwanga yeye.

Gauni lilikuwa limemganda mgongoni kwa jasho, ilhali baridi ya Rungwe ilipenya hadi kwenye meno. Nyuma yake Tusekile alikuwa amelala fofofo, miguu yake midogo imemkanyaga mama yake kiunoni kama mtu anayepanda ngazi. Tangu mtoto alipohamishiwa huku, Subilaga alilala ameelekea ukutani, barakoa puani, na juu ya barakoa pindo la kanga. Aliogopa hata kumgeukia kumfunika.

Kikohozi kikapanda. Kilianza kile chepesi, kikavu, cha mafua, kinachokwaruza koo kama ukoko wa sufuria. Nyuma yake kikaja kile kingine, kizito, kinachotoka chini sana, kama mtu anayeburuta kabati kwenye sakafu ya saruji. Aling'ata kanga. Kabati likaburutwa hata hivyo.

Ng'ambo mchi ukanyamaza. Kisha huko nako kikatoka kikohozi kizito, cha kuburuta kabati, kikafanana na chake hata akajishika kifua. Kwa dakika nzima hakujua kama kile alichosikia ni cha mzee, au ni chake mwenyewe kimepita ukuta na kurudi.

Juu, chini ya paa, Sikio likawasha taa. Lilikuwa kidude cheupe cha ukubwa wa andazi, na kila nyumba ya wilaya ilikuwa nalo tangu masika ile mafua ya ukungu yalipoingia na kukataa kutoka. Taa yake ya njano ilielekea kitanda cha Subilaga. Nyekundu ilielekea ukuta wa mbao.

"Nimesikia," lilisema, kwa ile sauti yake laini ya dada wa benki. "Subilaga, mafua. Mwakatundu, kifua kikuu. Gari la Nyumba ya Pumzi litakuja kesho asubuhi. Poleni."

Tusekile aligeuka usingizini akajibu, "Asante," maana alikuwa amelelewa vizuri.

*

Nesi Kabula alifika kulipopambazuka, viatu vya mvua vimejaa tope, barakoa imemwachia macho tu. Alikuwa Msukuma wa Kahama, mwaka wake wa kwanza katika zahanati ya kata, na kila mlima aliopanda aliulalamikia kama vile umewekwa pale kwa ajili ya kumkomoa. Hakuingia ndani. Alimwita Subilaga nyuma ya jiko, penye mawe ya kufulia, ambapo Sikio halisikii.

"Mama Tuse, umeamkaje?"

"Ndaga, asante dada, nimeamka. Mafua tu."

"Mafua tu." Kabula alimtazama mifupa ya mabega, akatazama pembeni. "Nimetoka kwa Bi Tupokigwe hapo juu. Mtendaji wa kata yuko chini ya kitanda cha bibi wa watu, anamtafuta mgeni."

"Mgeni gani? Bi Tupokigwe anaishi na paka."

"Sikio linasema mle ndani kuna wagonjwa wawili. Bibi ana mafua, na mgeni ana kifua kikuu. Mtendaji kafungua hadi debe la unga." Alicheka bila furaha. "Mtaa wenu huu, mama Tuse, una wagonjwa wengi kuliko watu."

Subilaga naye alicheka, akajuta, maana cheko liliamsha kikohozi. Alikikata katikati kwa kumeza mate. Kabula alingoja kipite.

"Nina swali," alisema. "Huyu mzee wako. Umemwona akikohoa?"

"Nimemsikia."

"Nimekuuliza kumwona."

"Simwoni, dada. Ni mkwe wangu."

"Mnaishi bati moja."

"Bati moja, milango miwili."

Ikabidi amweleze, na alipokuwa akieleza alijisikia kama anamweleza mtu kwa nini maji hunywewa. Huku mwanamke hatazamani na baba wa mumewe. Hasemi naye, hali mbele yake, halitaji jina lake. Yeye mzee akikaribia ua hukohoa, kikohozi kifupi cha hodi, ili mkwe apate kujisitiri. Fundi aliyefunga Sikio aliwahi kulalamika kwamba mzee huyu hukohoa kila anapotoka na kila anapoingia, hadi akalifundisha Sikio kuvipuuza vikohozi vile.

"Na mkikutana njiani?"

"Naingia kwenye migomba."

"Na pasipo na migomba?"

Subilaga alifikiri. "Huku?"

Kabula aliinua mikono. Kisha akaketi juu ya jiwe la kufulia, akashusha sauti. "Sikiliza, nikwambie kitu kinachoninyima usingizi. Hili Sikio walilifundisha kwa vikohozi vya watu maelfu. Kila kikohozi kikapewa jina moja. Hiki mafua, hiki kifua kikuu, hiki pumu, hiki mtu kapaliwa na ugali. Sasa vilikuwepo vingine vimechanganyika, vya watu wenye mafua na kifua kikuu kwa pamoja. Vikawa vinalivuruga. Wahandisi wakavitoa wakavitupa, wakaviita takataka. Likajifunza vizuri, likasifiwa, maabara za kupima makohozi zikafungwa. Lakini ndiyo kusema halijawahi kusikia mtu wa namna hiyo. Likisikia mafua na kifua kikuu chumba kimoja, haliwezi kufikiri mtu mmoja. Linahesabu wawili. Likimkosa wa pili, linaandika mgeni."

Subilaga alichukua ungo wa maharage akaanza kuchambua yaliyokuwa yameshachambuliwa. "Kwani mtu anaweza kuwa navyo vyote viwili?"

"Mbona sana. Kifua kikuu kinaweza kulala mwilini miaka, kimya, kama mwizi darini. Mafua yakija yanawachosha walinzi. Walinzi wakisinzia, yule anashuka. Akishuka anatafuna pafu, anatoboa tundu..."

Ungo ulimponyoka. Maharage yakatawanyika kwenye tope.

"Pole. Nimesema nini?"

"Hapa hatulitamki hilo neno, dada. Sema kishimo."

"Tun..." Kabula alisita, akakumbuka jina la mzee, Mwakatundu, akaziba barakoa kwa kiganja. "Yesu wangu. Na la kuku mnaliitaje?"

"Nyumba ya kuku."

"Na la sindano?"

"Jicho. Nyie kwenu mnaliitaje?"

Waliokota maharage pamoja, wakiyasuuza kwenye beseni. Subilaga aliuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua, "Na mtu kama huyo, mwenye vyote, mnampeleka wapi?"

Kabula alikung'uta maji viganjani. "Hapo ndipo panaponishinda. Nyumba ya Mafua haimpokei, maana atawaachia kifua kikuu. Nyumba ya Pumzi haimpokei, maana mafua yakiingia kwenye yale mapafu yanafagia kitanda hadi kitanda. Na mafua haya hayaachi mtu mpaka masika iishe. Kwa hiyo hana kitanda, na asiye na kitanda haandikiwi dawa. Nikiwauliza wakubwa wananiambia nimlete huyo mtu wamwone. Nitamtoa wapi? Kila ninayemshuku keshagawanywa, nusu yake kapewa jirani."

"Na ukimpata?"

"Sijui." Alisimama, akapangusa sketi. "Nikikwambia najua nitakuwa nakudanganya. Zahanati ina stoo ya nyuma, ina dirisha kubwa linalotazama mlimani. Labda ningeanzia hapo. Ningetafuta vile vikopo vya makohozi vya zamani. Ningepiga kelele. Lakini dawa siwezi kuahidi."

Alipofika kona ya ua aligeuka. "Mzee mwambie afungashe nguo za baridi. Na mtoto aendelee kulala kwako. Asilale upande mwekundu."

*

Siku ile ya kwanza Sikio lilipouliza, kabla mtoto hajahamishwa, Subilaga alikuwa amepiga magoti akipuliza moto.

"Nasikia watu wawili wakikohoa," lilisema. "Wa kwanza ni Subilaga, ana mafua. Wa pili ana kifua kikuu. Mtu mzima mwingine wa nyumba hii ni Mwakatundu. Kama siye, sema wazi: Mwakatundu si mgonjwa. Ukinyamaza, nitaandika ndiye."

Lilimngoja. Moshi ulimwingia machoni. Neno lile moja lilisimama mlangoni mwa mdomo wake likakataa kutoka. Hakuwahi kulitamka tangu siku ya mahari. Kwa ajili yake alikuwa amebadilisha jina la nyumba ya kuku, na katika masomo ya jioni ya watu wazima, siku waliposoma habari za tundu la pua na tundu la sikio, mwalimu alimwondolea alama na yeye akakubali. Sikio likauliza tena. Mara ya tatu, ng'ambo ya ukuta kikatoka kikohozi kizito, kama jibu la mtu aliyeitwa, na taa nyekundu ikageukia huko.

Basi akaamini. Kwa nini asiamini? Mzee ni mzee, ana kifua, alifanya kazi machimbo ya dhahabu ya Chunya akiwa kijana. Jioni ile wakamhamisha Tuse, aliyekuwa akilala upande wa babu yake tangu mama aliposhikwa na mafua, wakamleta kwa mama.

Lakini sasa, akichambua maharage, alijiuliza jambo ambalo hakuwa na mtu wa kumuuliza. Alinyamaza kwa heshima, au alinyamaza kwa woga? Heshima na woga hufanana. Vyote viwili humfanya mtu ainamishe macho.

Na vile vikohozi, je? Cha usiku ni cha nani? Jasho hili ni la nini? Sketi ya kitenge aliyokuwa akiikaza kwa pini moja ilikuwa sasa inataka mbili. Mumewe, Lusajo, alikuwa mbali kwenye visima vya mvuke vya Songwe, na kila alipopiga simu alimwambia, "Sauti yako imebadilika," naye alijibu, "Mtandao."

*

Mchana mzee alikuwa barazani kwake, mbele, akifunga nguo. Subilaga alikuwa jikoni, nyuma. Kati yao ulikuwepo ukuta, pazia, na Tusekile, ambaye tangu alipojua kusema alikuwa ndiye simu ya nyumba ile.

"Nenda kamwambie babu, nesi amesema afungashe nguo za baridi."

Miguu ikaenda, miguu ikarudi. "Babu anasema alizaliwa kwenye baridi, nesi ndiye mgeni wa baridi."

"Mwambie ndizi za mbalaga zimeiva, nimpakulie?"

Akaenda. Akarudi akipikicha macho, machozi yanamtiririka.

"Nini? Umeanguka?"

"Hapana. Kile kikaratasi cha babu kinawasha. Nimekifungua."

"Kikaratasi gani?"

"Cha pilipili. Anainusa, halafu anakohoa, halafu anakohoa sana, halafu anasema, mchumba wangu usiige, huu ni mchezo wa wazee."

Subilaga alikaa chini pale pale kwenye majivu. Aliunawisha uso wa mtoto kwa maji ya mtungini, polepole, jicho moja, jicho la pili, na alipokuwa akiunawisha kila kitu ndani ya kichwa chake kilihama mahali pake. Kinu. Mchi wa alfajiri. Kikohozi cha mzee kinachokuja baada ya chake, kila mara baada, hakijatangulia hata siku moja.

"Tuse," alisema, "nenda kamuulize babu: babu, kwa nini unanusa pilipili?"

Safari hii miguu ilichelewa. Sauti ya mzee ilisikika ikinong'ona, ikakatika, ikanong'ona tena. Mtoto alirudi akitembea kwa makini, kama aliyebeba bakuli limejaa.

"Babu anasema, huko Chunya aliwahi kuumwa kile kikohozi, akapona, anakijua kama anavyojua njia ya kwao. Anasema anakisikia usiku. Anasema mtoto mdogo haachwi bila mama. Anasema..." Alifumba macho kukumbuka. "Anasema huko Pumzi watampa vidonge, atavificha chini ya ulimi, mimi nikienda kumsalimia kwenye uzio atanipa, nikuletee unywe."

Chungu kilichemka, povu likamwagika motoni, hakuna aliyekishika.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mlango ulikuwa wazi mbele yake na mzee alikuwa ameushika usijifunge. Angekaa na mwanawe. Angekunywa dawa, ingawa zimetoka mdomoni mwa mtu, zimepimwa kwa uzito wa mtu mwingine. Asubuhi angemsuka Tuse, jioni angemsikiliza akihesabu. Na mzee angelala miezi katikati ya watu wanaokohoa kweli, mapafu yake yenye makovu ya Chunya, bila dawa hata tembe moja.

"Mwambie hapana," alisema.

"Hapana tu?"

"Hapana tu."

Miguu ikaenda, ikarudi. "Babu anasema wewe ni mkaidi kama mbuzi wa Krismasi."

"Mwambie huko Pumzi kutamuua."

"Mama, hilo silisemi."

"Basi mwambie... mwambie nesi anasema mtu mwenye vyote viwili hana kitanda. Muulize, kama ni mimi, nitakwenda wapi?"

Aliyarusha maneno hayo akitumaini, Mungu amsamehe, kwamba mzee hatakuwa na jibu, kwamba swali lenyewe litamruhusu anyamaze tena. Mtoto alikwenda. Fimbo ya mzee iligonga sakafu. Kisha, kwa mara ya kwanza katika miaka yote ya ndoa ya Subilaga, mzee alisema kwa sauti iliyokusudiwa kupita ukuta, ingawa aliiambia nyumba, hakumwambia yeye.

"Ndiyo maana nakwenda mimi. Mimi nina kitanda."

*

Gari lilikuja na ukungu. Liliegeshwa chini barabarani, halina sauti, mlango wake wa nyuma umeshafunguliwa kama kinywa cha anayepiga miayo. Kabula alisimama uani na mfuko wa barakoa. Mtendaji alisimama mbali zaidi, bado ana unga kwenye kofia.

Subilaga alikuwa jikoni anamfunga Tuse vifungo vya sweta. Alikuwa amekwisha kuamua usiku, akaamua tena alfajiri, na kila uamuzi ulikuwa kinyume cha uliotangulia. Dawa ya ulimi au stoo yenye dirisha. Mtoto huyu kifuani kwake, au mtoto huyu upande wa pili wa kioo, akiandika jina lake kwenye mvuke. Ukimpenda mtu, unamkumbatia au unasogea mbali naye? Hakuna somo la jioni lililowahi kufundisha hilo.

"Kacheze nje, mama. Nikikuita uje."

Tuse alitoka mbio, akawazunguka kuku, akarudi mlangoni. Hapo akasimama, akanyoosha mgongo kama mtu mzima, na kabla ya kuingia akakohoa.

Kilikuwa kizito. Kilitoka chini. Kabati dogo, likaburutwa kidogo.

Subilaga alimvuta ndani. "Unaumwa? Tuse. Kifua kinauma?"

"Napiga hodi," alisema mtoto. "Kama babu."

"Hicho si cha hodi. Hicho umekitoa wapi?"

Mtoto alifikiri, akainua mabega. "Sijui. Kimekuja."

Aliweka kiganja kwenye paji la uso wake. Halikuwa na moto. Au viganja vyake mwenyewe ndivyo vilivyokuwa na moto, hivyo hakuweza kupima. Alibandika sikio kwenye sweta, akasikia moyo mdogo ukikimbia nyuma ya vifungo, na pumzi ikiingia na kutoka, na nyuma ya pumzi hakuna kitu, au kuna kitu, hakujua. Mchezo au ugonjwa? Hata Sikio lingekosea. Pengine alikuwa ameiga. Pengine, usiku mmoja zaidi kwenye kitanda kile, asingekuwa anaiga.

Nje kikasikika kikohozi kifupi. Kile cha kweli, cha hodi. Mzee anapita.

Kwa mazoea ya miaka, mwili wa Subilaga ulitoka kwa mlango wa nyuma na kuingia kwenye migomba. Akasimama pale, matone yakimdondokea shingoni, akichungulia kati ya majani mahali ambapo kwa desturi hapachunguliwi. Aliona kofia ya sufu, mgongo uliopinda, fimbo, na furushi lililofungwa kwa kanga ya zamani ya Subilaga mwenyewe. Kumbe alikuwa mfupi. Miaka yote hiyo alikuwa amemdhania mrefu.

Kabula alimpokea mzee furushi. Akageuka kutazama migomba, si kwa kumtafuta mtu, kwa kutazama tu. Macho yake juu ya barakoa yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Tuse," Subilaga aliita kwa kunong'ona. "Njoo."

Mtoto akaja, akipita chini ya majani bila kuinama. Subilaga alijifunika mdomo kwa barakoa na kanga, akachuchumaa hatua kadhaa mbali naye, mbali kuliko alivyowahi kuchuchumaa mbele ya mwanawe. Alimwambia la kusema. Mtoto alilirudia kimoyomoyo, midomo ikicheza.

"Nimwambie babu?"

"Wote. Simama katikati. Sema kwa nguvu."

"Halafu utaenda na gari?"

"Sijui, mwanangu. Pengine nitakaa kwenye chumba chenye dirisha kubwa. Utakuja uchore kwenye kioo."

"Nichore nini?"

"Kuku. Na nyumba yao."

Tuse alikubali. Alitoka kwenye migomba akatembea hadi katikati ya ua, akasimama miguu pamoja kama walivyofundishwa chekechea. Mzee alimwona, akamwangalia usoni, na akajua. Mkono wake ukaenda mfukoni, ukatoka na kikaratasi, ukapanda puani.

Akakohoa. Kabula aliruka nyuma. Mzee alikohoa kile kizito, akakifuata kingine, akashika fimbo kwa mikono miwili akakohoa machozi yakitoka, akakohoa kama mtu anayetaka kuujaza ua wote pasibaki mahali pa neno jingine. Kuku walikimbia. Mtendaji akavua kofia bila kujua kwa nini. Ndani ya nyumba, kwa mbali, Sikio lilisema, "Nimesikia. Nimesikia."

Tusekile alikuwa amefundishwa kutomkatiza mkubwa. Alisimama pale pale, mikono nyuma, akimngoja babu yake amalize, kama anavyomngoja amalize sala. Na pilipili huisha nguvu, na pumzi ya mzee ina mwisho. Kikohozi kikawa chembamba, kikawa pumzi tu, kikawa kimya. Mzee alitikisa kichwa akimwomba kwa macho. Mtoto alitazama migomba, akaona pindo la kanga.

"Mama anasema vikohozi vyote viwili ni vyake."